Kuishi Si Kupumua Tu

Mtu akiugua, watu wa kwetu huuliza maswali mawili. Je, amepona? Na kama hakupona, je, amefariki? Maswali hayo yanatosha kwa homa ya malaria au kwa mguu uliovunjika. Lakini wako ndugu zetu ambao maswali hayo hayawatoshi, kwa sababu hawaponi wala hawafi. Bali huishi na ugonjwa wao tangu utoto hadi uzee, ikiwa wamebahatika kupata matunzo. Kwa watu hao yatupasa kuuliza swali la tatu, nalo ndilo gumu kuliko yote: Je, anaishi maisha ya namna gani?

Twasema habari za watu waliozaliwa na upungufu wa kinga ya mwili, yaani wale ambao miili yao, tangu tumboni mwa mama, haikupewa silaha kamili za kupigana na vijidudu vya maradhi. Watu hao hawatambulikani barabarani. Mtoto wa namna hiyo hukohoa kama watoto wengine wakohoavyo, hutoka usaha masikioni kama wengine, hushikwa na kichomi kama wengine. Tofauti ni kwamba yeye haachi. Leo ametoka hospitali, mwezi ujao yumo tena. Majirani huchoka kumwonea huruma, mwalimu huchoka kumwandika kuwa hayupo, na baba huchoka kuomba ruhusa kazini. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa hakika hakuna mzigo uonekanao mwepesi kwa watazamaji kama huu.

Yatubidi tuanze na jina lenyewe, kwani jina hilo limewadhuru wengi. Katika lugha yetu UKIMWI ni ufupisho wa maneno Upungufu wa Kinga Mwilini. Basi daktari akimwambia mzazi kuwa mwanawe ana upungufu wa kinga mwilini, mzazi husikia neno moja tu, na wote wapitao mlangoni husikia neno hilo hilo. Lakini haya ni magonjwa mawili mbali mbali. UKIMWI huletwa na virusi viingiavyo mwilini. Huu wa kurithi hauletwi na kijidudu chochote. Hauambukizwi kwa damu, wala kwa maziwa ya mama, wala kwa kulala kitanda kimoja au kula sahani moja. Mtoto huzaliwa nao kama mwingine azaliwavyo na selimundu. Hatusemi hivi ili kuwatenga wenye UKIMWI, ambao nao hawastahili kutengwa hata siku moja. Twasema hivi kwa sababu ugonjwa usioitwa kwa jina lake hautibiwi kwa dawa yake.

Sasa tueleze ugonjwa wenyewe. Mwili wa binadamu una walinzi wa aina nyingi, na kila aina ina kazi yake. Wako wanaomeza vijidudu. Wako wanaotengeneza kingamwili, ambazo ni silaha ndogo zielekeazo katika damu na kuvishika vijidudu kabla havijaleta madhara. Na wako wanaoongoza kazi yote, kama msimamizi aongozavyo kikosi. Walinzi hao hutengenezwa kwa maagizo ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi wake, na maagizo hayo ndiyo tuyaitayo jeni. Agizo moja likiwa na kosa, aina moja ya walinzi huenda isiwepo kabisa, au huwepo bila silaha. Wataalamu wamekwisha kuhesabu makosa ya namna hiyo zaidi ya 480. Mengine ni mepesi, hata mwenyewe aweza kuzeeka asijue kuwa analo. Mengine ni mazito, nayo humwua mtoto kabla ya kutimiza mwaka. Tena yako ambayo hayajitokezi utotoni, bali humpata mtu akiwa na miaka 20 au 30, amekwisha ajiriwa na ana jamaa wanaomtegemea. Kwa hiyo asidhani mfanyakazi yeyote kwamba habari hizi ni za watoto tu.

Aliyelifumbua fumbo hili kwa mara ya kwanza kwa njia ya kipimo na dawa alikuwa daktari wa jeshi la Marekani, Kanali Ogden Bruton, wa Hospitali ya Walter Reed mjini Washington. Alikuwa na mgonjwa wake, mvulana wa miaka 8, ambaye kwa muda wa miaka 4 alikuwa ameshikwa na sumu ya damu mara 19. Kila mara alitibiwa, na kila mara ugonjwa ulirudi. Hospitali ilikuwa imepata mtambo wa kuchambua protini za damu, na damu ya mtoto huyo ilipopimwa, ile sehemu iitwayo gamaglobulini, ambamo kingamwili hukaa, haikuonekana kabisa. Bruton akafanya jambo lililo rahisi kulieleza. Kwa kuwa mtoto hakuwa na kingamwili zake, alimpa za watu wengine. Alimdunga sindano ya gamaglobulini chini ya ngozi kila mwezi, na mtoto akakaa zaidi ya mwaka mmoja bila ya sumu ya damu kurudi. Habari hizo zilichapwa mwaka 1952.

Ugonjwa ule ulipewa jina la Bruton, na mwaka 1993 wataalamu wakaipata jeni yenye kosa. Jeni hiyo imo katika kromosomu ya X. Mwanamke anazo kromosomu mbili za namna hiyo, kwa hiyo moja ikiwa na kosa, nyingine huifanya kazi yake, naye huwa mzima. Mwanamume anayo moja tu. Basi mama mwenye kosa hilo, ambaye yeye mwenyewe haumwi chochote, kwa kila mtoto wa kiume amzaaye huwa ni kama amerusha shilingi: nusu ya bahati mtoto ni mzima, nusu ya bahati ni mgonjwa. Tunalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu katika nyumba nyingi mama ndiye alaumiwaye. Mara husemwa kuwa ukoo wake una laana, mara husemwa kuwa hakuangalia watoto wake. Mama hakuichagua jeni yake kama vile baba hakukichagua kimo chake. Tena mara nyingine kosa huzuka upya kwa mtoto mwenyewe, wala mama hanalo. Na ziko aina nyingine za upungufu huu ambazo mtoto hazipati mpaka arithi kosa kwa baba na kwa mama pia. Aina hizo huonekana zaidi mahali ambapo ndoa za binamu ni nyingi, kama vile katika nchi za Ghuba na za Afrika ya Kaskazini. Hapo lawama, kama ni lazima iwepo, haina pa kwenda.

Sasa turudi kwenye lile swali letu la tatu. Tangu mwaka 1952 dawa ilikuwapo. Je, wagonjwa waliishi maisha ya namna gani?

Kwa muda wa miaka kama 30 dawa ilitolewa zaidi kwa sindano za kwenye musuli. Sindano hizo zilikuwa kubwa na za maumivu makali, na mtoto alidungwa kila wiki, mwaka baada ya mwaka. Musuli hauwezi kubeba dawa nyingi, kwa hiyo dozi ilikuwa ndogo. Ilitosha kuwazuia wengi wasife, lakini haikutosha kuyalinda mapafu yao. Walikua wakiwa na kikohozi kisichokoma, na wengine masikio yao yaliharibika wasisikie vizuri. Katika daftari ya hospitali walihesabiwa kuwa ni watu waliookolewa. Nyumbani mwao walikuwa watu wasioweza kupanda ngazi bila kupumzika katikati.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilipatikana dawa safi zaidi, ziitwazo imunoglobulini, zinazoweza kutiwa moja kwa moja katika mshipa wa damu. Dozi ikaongezwa, na vichomi vikapungua sana. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini mgonjwa alilazimika kwenda hospitali kila baada ya wiki 3 au 4, akae kitandani saa nyingi huku dawa ikidondoka tone kwa tone. Mtoto alikosa shule, na mzazi alikosa mshahara wa siku hiyo.

Mwaka 1991 muuguzi wa Uswidi, Ann Gardulf, pamoja na wenzake wa Hospitali ya Huddinge karibu na Stockholm, walichapa habari za njia nyingine. Waliwafundisha wagonjwa kujitia dawa wenyewe nyumbani, chini ya ngozi, kwa pampu ndogo, dozi ndogo ndogo kila wiki. Ugonjwa ulikuwa ule ule, na dawa ilitoka katika chimbuko lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mgonjwa sasa aliweza kujitibu jioni akiwa amekaa na jamaa zake, na asubuhi akaenda kazini au shuleni. Walipoulizwa, wengi walisema kwamba maisha yao yamekuwa mema zaidi. Twapenda wasomaji wetu wakumbuke kwamba jambo hili halikuletwa na mtambo mkubwa. Lililetwa na wauguzi waliowatazama wagonjwa wao kwa makini, wakauliza ni kitu gani hasa kinachowalemea.

Upo mfano mwingine, wenye huzuni, uonyeshao upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 1971, katika mji wa Houston huko Texas, alizaliwa mtoto aliyeitwa David Vetter. Kaka yake alikuwa amefariki kwa aina nzito kabisa ya upungufu wa kinga, ambayo walinzi wakuu wa mwili hawafanyi kazi. Kwa kuwa madaktari walijua hatari hiyo, walimwingiza David katika hema la plastiki lisilo na vijidudu mara tu baada ya kuzaliwa. Hewa yake ilichujwa. Chakula chake, nguo zake na vitabu vyake vilisafishwa kabla ya kumfikia. Watu walimshika kwa glavu zilizofungwa ukutani mwa hema. Mwaka 1977 wataalamu wa NASA walimtengenezea vazi la pekee la kumwezesha kutembea nje, naye akalivaa mara chache tu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1983 alipewa uboho wa dada yake. Ndani ya uboho huo mlikuwa na virusi vilivyojificha ambavyo vipimo vya siku hizo havikuweza kuvionyesha. David alitolewa katika hema mwezi wa Februari mwaka 1984, na ndipo mama yake alipoweza kumgusa kwa mkono mtupu kwa mara ya kwanza. Alifariki tarehe 22 ya mwezi huo, akiwa na miaka 12.

Hatuna haki ya kuwahukumu wazazi wala madaktari wale, kwani walifanya kila walichoweza kwa mapenzi makubwa. Na katika kifo chake David aliwafunza wataalamu mambo mengi yaliyokuja kuwafaa watoto wengine. Lakini maisha yake yalimfundisha kila mtu kwamba kumzuia mtu asife si kazi yote. Mtoto ahitaji pumzi, na ahitaji pia mkono wa mama yake, na mpira wa kucheza na wenzake uwanjani.

Siku hizi mtoto mwenye aina hiyo hatiwi hemani miaka 12. Mwaka 2008 jimbo la Wisconsin huko Marekani lilianza kuwapima watoto wote wachanga kwa tone la damu litolewalo kisiginoni, na hadi mwisho wa mwaka 2018 majimbo yote ya nchi hiyo yalikuwa yakifanya hivyo. Uchunguzi uliochapwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto waliopewa uboho kabla ya kutimiza miezi mitatu na nusu, 94 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Kwa baadhi ya aina za ugonjwa huu wataalamu hata wamejifunza kusahihisha jeni yenyewe. Katika yote hayo, anayeokoka ni yule aliyetambuliwa mapema.

Basi tuutazame mwezi mmoja wa mtu mzima mwenye ugonjwa wa namna hii, anayepata dawa yake mahali ambapo dawa ipo. Kingamwili alizopewa hazikai milele. Nusu yake hwisha kwa muda wa kama wiki 3. Kwa hiyo siku za kwanza baada ya dozi hujisikia ana nguvu, na siku za mwisho kabla ya dozi nyingine uchovu humjia, viungo huuma, na kila mtu apigaye chafya ndani ya basi humtia wasiwasi. Wagonjwa wa nchi nyingi walipoulizwa na wachunguzi, mambo waliyoyataja zaidi ni uchovu huo, hofu ya kuugua, siku za shule na kazi zinazopotea, na taabu ya kuwaeleza watu ugonjwa usioonekana. Hawakulalamikia sindano peke yake. Walilalamikia kudhaniwa kuwa ni wavivu.

Hapo ndipo sisi wafanyakazi tunapohusika. Mtu akikosa kazini siku moja katika kila wiki 3 au 4 kwa kwenda hospitali, msimamizi asiyejua huandika kuwa ni mtoro, na wenzake husema anajidekeza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu huyo akipewa siku yake moja ya dawa, atafanya kazi siku zote nyingine kama mtu yeyote. Akinyimwa siku hiyo moja, ataugua mwezi mzima, na hapo yeye atapata hasara na kazi itapata hasara. Hata mwenye kuhesabu faida tu, asiyejali utu, akipiga hesabu yake vizuri ataona kwamba ruhusa hiyo ni rahisi kuliko kumnyima.

Tena yafaa ifahamike dawa hii inatoka wapi, kwani haichimbwi ardhini wala haipikwi katika mitungi kama dawa nyingine. Imunoglobulini hutolewa katika plazma, yaani yale maji ya damu yabakiayo chembechembe zikiondolewa. Njia ya kuzitenga protini za plazma ilipatikana wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa kazi ya Edwin Cohn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard. Lita moja ya plazma hutoa gramu kama 4 au 5 za dawa. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 huhitaji kama gramu 30 kila mwezi, yaani plazma ya lita 6 au zaidi. Wenye viwanda hukadiria kwamba mgonjwa mmoja huhitaji plazma iliyotolewa mara zaidi ya 130 ili atibiwe kwa mwaka mmoja. Na kila chupa huchanganywa plazma ya maelfu ya watu, ili ndani yake ziwemo kingamwili za kila namna: za aliyewahi kuugua surua, za aliyechanjwa pepopunda, na za aliyepona kichomi.

Hivyo mgonjwa huyu analindwa na umati wa watu asiowajua. Yule fundi wa reli, yule mwalimu, yule mwanafunzi, kila mmoja ametoa sehemu ndogo ya kinga yake, na kinga hizo zikikusanywa humfanya mtoto mmoja aende shule. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hatujui dawa nyingine inayoonyesha wazi zaidi kuliko hii kwamba afya ya mtu mmoja ni kazi ya watu wengi.

Lakini kwa kuwa inatoka kwa watu, yataka uangalifu mkubwa. Katika miaka ya 1993 na 1994 wagonjwa wa nchi kadhaa waliambukizwa homa ya ini aina ya C kwa dawa iliyotakiwa kuwaponya, kwa sababu virusi vilipenya katika utengenezaji. Tangu hapo hatua za kuua virusi ziliongezwa viwandani, na dawa ya leo ni salama zaidi. Funzo ni kwamba nchi inayotaka kuitumia plazma ya watu wake haina budi kwanza kuwa na damu salama, iliyopimwa yote, bila ya njia za mkato.

Na hapo ndipo pengo la dunia linapoonekana. Shirika la Afya Duniani limeiweka imunoglobulini katika orodha ya dawa muhimu, yaani zile ambazo kila nchi yafaa iwe nazo. Lakini katika nchi 171 zilizotoa taarifa kwa shirika hilo, nchi 56 tu ndizo zilizotengeneza dawa za namna hiyo kutokana na plazma ya watu wao. Nchi 91 ziliagiza zote kutoka nje. Theluthi mbili hivi ya plazma ya dunia hutoka Marekani, ambako watoaji hulipwa fedha. Katika bara letu, Afrika ya Kusini inacho kiwanda cha shirika lisilo la faida, karibu na Durban, kinachotengeneza imunoglobulini. Kinachowezekana mahali pamoja katika Afrika hakiwezi kuitwa muujiza mahali pengine.

Kwa Afrika ya Mashariki tungependa kutaja mambo ambayo hayangoji kiwanda.

Kwanza, ni kutambua. Mtoto aliyeugua kichomi mara mbili au zaidi katika mwaka mmoja. Mtoto atokwaye usaha masikioni mara nne au zaidi kwa mwaka. Mtoto mwenye majipu ya ndani yasiyokoma, au utando mweupe mdomoni usioisha. Mtoto asiyeongezeka uzito. Mtoto ambaye dawa za antibiotiki za miezi miwili hazikumfaa. Na zaidi ya wote, mtoto ambaye ndugu zake walifariki wachanga kwa maradhi ya namna hiyo: hao wote wachunguzwe. Katika ugonjwa wa Bruton, mtoto huwa mzima katika miezi yake ya kwanza kwa sababu ya kingamwili alizopewa na mama akiwa tumboni. Akiba hiyo ikiisha, kama baada ya miezi 6, ndipo maradhi huanza. Na muuguzi akimtazama kooni, ataona kwamba zile tezi za pande mbili ni ndogo mno, au hazipo. Kutazama koo hakuhitaji mtambo.

Pili, kipimo cha UKIMWI kikionyesha kwamba mtoto hana virusi, isiwe ndio mwisho wa kuuliza. Ni jambo jema mno kwamba hana. Lakini kama bado anaugua, sababu bado ipo, na kumrudisha nyumbani na chupa nyingine ya dawa ya kikohozi ni kumwacha njiani. Hesabu ya kawaida ya chembechembe nyeupe na kipimo cha protini za damu vyaweza kuonyesha pa kuanzia. Huko Casablanca, Profesa Aziz Bousfiha na wenzake wamekuwa wakiwafundisha madaktari wa Afrika kuutambua ugonjwa huu, na mafunzo hayo yafaa yafike hadi zahanati.

Tatu, ni chanjo. Katika nchi zetu mtoto hupewa chanjo ya kifua kikuu mara azaliwapo, pamoja na matone ya polio. Chanjo hizi zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Kwa watoto karibu wote ni ngao, na mzazi asiyempeleka mwanawe kuchanjwa anamkosea mtoto na jirani pia. Lakini kwa mtoto asiye na kinga, vijidudu hivyo vyaweza kuwa hatari. Kwa hiyo mzazi aliyekwisha kufiwa na mtoto mchanga kwa maradhi yasiyokoma amweleze daktari habari hizo kabla mtoto anayefuata hajachanjwa, na daktari ndiye atakayeamua. Tena ndugu na majirani wa mtoto huyo wakichanjwa wote, surua haitaupata mlango wa kumfikia.

Nne, ni kutoa damu. Damu tunayoitoa leo huwaendea akina mama wazaao, watoto wenye upungufu wa damu, na watu wa ajali. Haigeuzwi kuwa imunoglobulini. Lakini ni vigumu kwa nchi kuanza kutengeneza dawa za plazma bila ya kwanza kuwa na watoaji wengi wa hiari, wanaorudi mwaka hadi mwaka. Mwanamume mzima aweza kutoa kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Matawi ya vyama na ya wafanyakazi, ambayo yanajua kukusanya watu kwa mikutano, hayawezi kushindwa kuwakusanya kwa jambo hili.

Tano, na hili halina gharama yoyote, ni heshima. Mwalimu asimfukuze mtoto akohoaye bila kuuliza. Msimamizi asimwite mgonjwa mtoro. Mkwe asimwite mama mwenye mkosi. Wagonjwa wenyewe wamekwisha kuungana. Chama chao cha kimataifa kilianzishwa mwaka 1992, na kila mwaka kuanzia tarehe 22 hadi 29 Aprili huadhimishwa wiki yao duniani. Hawaombi sadaka. Wanaomba dawa ifike kwa wakati, na wanaomba kuhesabiwa kuwa ni watu wenye kazi za kufanya.

Sisi twasema kwamba madai hayo ni ya haki. Taifa halipimwi kwa hesabu ya wasiokufa peke yake, bali hupimwa pia kwa yale ambayo walio hai wanaweza kuyafanya. Mtoto aliyenyimwa kinga na maumbile akipewa kinga na watu, akaenda shule, akajifunza ufundi, akaoa au akaolewa, akalipa kodi yake na siku moja akawazika wazazi wake badala ya wao kumzika yeye, hapo ndipo tutakapoweza kusema kwamba ameokolewa.